Vita ya Marekani ilikuwa ya utumwa, iandikeni hivyo

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipokosea nilinyamaza. Ila ile makala ya Jumapili kuhusu vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani imenishinda. Mwandishi wenu anasema majimbo ya Kusini yalijitoa Marekani kwa sababu ya "haki za majimbo" na ushuru wa bidhaa, halafu utumwa anautaja chini kabisa karibu na tangazo la mabati, eti nao ulichangia. Ulichangia!

Hivi alisoma walichoandika wenyewe? Mississippi walipojitoa Januari 1861 walitoa tamko na hawakuzunguka mbuyu, walisema msimamo wao umefungamana kabisa na utumwa. Makamu wa rais wa serikali mpya ya Kusini, Alexander Stephens, alisimama mjini Savannah, Georgia, Machi mwaka huohuo akatangaza kwamba msingi wa serikali hiyo ni kuwa mtu mweusi hayuko sawa na mzungu. Katiba yao ikapiga marufuku sheria yoyote ya kumnyima mtu umiliki wa watumwa. Na hizo haki za majimbo, mbona South Carolina walilalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yanagoma kuwarudisha watumwa waliotoroka? Yaani Kusini wakitaka kumiliki watu ni haki yao, Kaskazini wakikataa kumkamata mtu aliyekimbia wamevunja mkataba. Mwaka 1860 waliohesabiwa kuwa mali ya watu walikuwa karibu milioni 4. Ushuru gani huo jamani?

Hili linaniuma kwa sababu nimeliona. Mpwa wangu anaishi South Carolina na harusi yake waliifanyia kwenye shamba la zamani nje ya Charleston, jumba jeupe, miti mikubwa, pazuri kweli. Kabla ya picha tukatembezwa na mtu wa pale, akaongea weee kuhusu taa za dari na sahani zilizotoka Uingereza na ngazi ya mbao, na kila alipofika kwenye nani alipika nani alifua anasema "wafanyakazi wa nyumba". Huko nyuma kuna ukuta wa matofali. Nikasogea, nikaona tofali moja lina alama za vidole, vidole vidogo vitatu vimezama pembeni, na kidole changu hakikuingia. Ni mtoto huyo, alilishika likiwa bado bichi kabla halijachomwa. Nikamuuliza yule bwana nani alifyatua haya matofali, akasema wafanyakazi wa shamba, nikamuuliza walikuwa wanalipwa dola ngapi, akatabasamu akasema sasa twende bustanini. Nikauliza tena kwa sauti, mpwa wangu akanishika mkono, "Anko tafadhali, leo ni siku yangu," nikanyamaza kwa heshima ya bibi harusi. Halafu picha ya familia ikapigwa hapohapo kwenye ule ukuta, watu wanacheka, na ipo sebuleni kwa dada yangu hadi leo na nikienda pale sikai upande ule.

Na sisi huku tusijifanye wasafi. Watalii wanapelekwa mashamba ya karafuu Zanzibar wananusishwa na kuonjeshwa, nani alipanda na nani alichuma hawaambiwi. Serikali ilipofuta hali ya utumwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, fidia walipewa mabwana. Washington, mji mkuu wa Marekani, nako 1862 utumwa ulipofutwa ilikuwa hivyohivyo, hadi dola 300 kwa kichwa anapewa mwenye mtumwa, aliyetumikishwa jasho lake halikulipwa. Bara tumesubiri utumwa ufutwe mpaka 1922. Tena merikani, ile nguo ya pamba waliyovaa bibi zetu, ilifumwa Massachusetts kwa pamba ya mashamba hayohayo ya Kusini, vita ilipoanza ikaadimika huku pwani. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hayatuhusu.

Kingine, makala nzima weusi wanakombolewa tu na Lincoln, wao wenyewe hawafanyi kitu. Robert Smalls alikuwa mtumwa, Mei 1862 akaiondoa meli ya jeshi la Kusini bandarini Charleston usiku na familia yake ndani, akaikabidhi kwa jeshi la Kaskazini. Wanajeshi weusi wapatao 180,000 waliingia jeshini upande wa Kaskazini, mwanzoni wakilipwa dola 10 kwa mwezi na 3 zinakatwa za nguo wakati mzungu anachukua 13. Hata mstari mmoja?

Ninachotaka ni hiki. Jumapili ijayo chapisheni lile tamko la Mississippi lote, kwa Kiswahili, ukurasa uleule, kwa ukubwa wa ile picha ya Jenerali Lee, kamanda wa jeshi la Kusini, mliyoipa nusu ukurasa, na chini yake maneno ya Stephens, bila tangazo lolote pembeni. Tafsiri nitaifanya mimi bila malipo, nimeshaianza, mkiihitaji mtaipata kabla ya Ijumaa.

Msomaji wenu, Tanga