Ile bili ya Harrow

Swahiba Juma,

Salaam aleikum. Habari za nyumba mpya, habari za baridi, Sele kashazoea? Huku wazima. Bi Rukia anakusalimu na bado anaidai sufuria yake. Kimya changu tutakigombania siku nyingine, maana picha uliyonitumia ya bili ya kodi ya nyumba (council tax) ya huko Harrow, London, haingoji.

Nyumba ilitangazwa daraja D, bili imekuja daraja E. Usiende kuwafokea halmashauri: wao wanakusanya tu. Daraja hupangwa na wathamini wa serikali kuu, na swali lao ni moja: nyumba hii ingeuzwa kwa bei gani tarehe 1 Aprili 1991? Ndiyo, 1991. Nyumba za England hazijathaminiwa upya tangu hapo. D ni pauni 68,001 hadi 88,000, E inaishia 120,000, hata kama wewe umenunua kwa bei ya leo ya kutoa machozi. Na mwenye E hulipa takriban asilimia 22 zaidi ya mwenye D.

Kazi ile ilifanywa mbio. Serikali ya Thatcher ilileta kodi ya kichwa England mwaka 1990 (babu zetu wangeweza kumwambia inavyoishia), watu wakafanya fujo Trafalgar Square, na mwaka 1993 ikabidi ije hii ya nyumba. Wathamini na madalali walipita mitaani ndani ya gari, gia namba mbili, wakikadiria kwa macho kupitia dirishani. Ndiyo maana makosa yamejaa mpaka leo.

Lakini kwako nashuku lile jiko lililoongezwa nyuma. Mwenye nyumba akiongeza chumba, daraja halipandi akiwa yeye bado ndani; hupanda nyumba ikiuzwa. Mnunuzi ndiye anayepigwa. Kwenye orodha ya madaraja mtandaoni kuna alama ya maboresho inayoonya, ila nani humwambia mnunuzi aitazame? Dalali wako hakusema, bila shaka.

Sasa, kubisha inawezekana, na hapo Rayners Lane, kitongoji cha Harrow, una bahati. Reli ya Metropolitan ilifika Harrow mwaka 1880, na kampuni yake, tofauti na nyingine, iliruhusiwa kubaki na ardhi ya ziada na kuiendeleza. Ndiyo ile Metro-land, vitongoji vya kando ya reli, waliyoitangaza kuanzia 1915. Mashamba yakageuka mitaa, hasa miaka ya 1930, fundi mmoja akijenga nyumba mtaa mzima kwa ramani zinazofanana. Kwa hiyo vielelezo unavyo nje ya mlango. Tafuta nyumba zisizozidi tano, za umri, umbo na ukubwa ule ule, zilizoshikana ukuta mmoja kama yako, zenye daraja la chini. Eneo lipimwe kwa nje, pamoja na lile jiko. Bei za mauzo ya karibu na Aprili 1991 zina nguvu kuliko zote. Za 2005 hazikusaidii.

Jihadhari na hili, wengi hujikwaa hapo: jirani aliyeongeza jiko kama lako lakini hajauza, D yake imeganda tu. Ukimtaja, watakujibu hivyo hivyo. Mtaje aliyenunua nyumba ikiwa tayari imeongezwa na bado yuko D. Na ujue daraja linaweza kupanda badala ya kushuka, hata la jirani uliyemtaja. Mzee Karim wa nyumba ya pili asikusikie.

Muda ni miezi 6 tangu uanze kuwa mlipaji. Ulipokea funguo Novemba, basi hesabu mwenyewe, mwisho ni Mei. Wakikataa, una miezi 3 ya kwenda baraza la rufaa, bila ada. Usimpe senti kijana yeyote anayegonga mlango akisema atakushughulikia. Na endelea kulipa wakati unabisha: ukiruka awamu utaletewa ukumbusho wa siku 7, ukiupuuza watakudai mwaka mzima kwa mkupuo. Kama awamu 10 zinakubana, waandikie uombe 12.

Halafu, Mwanahawa kashafika? Maana kama mko wewe na Sele tu, na Sele anasoma chuo muda wote, yeye hahesabiwi. Unahesabiwa mtu mmoja, punguzo asilimia 25. Hilo sasa ndilo la halmashauri, waombe wao.

Ulichouliza, kama anwani bado iandikwe Middlesex: kaunti yenyewe ilivunjwa 1965, posta ndiyo iliyoliendeleza jina. Andika msimbo wa posta, HA na namba zake, barua itafika. Ila Harrow yenyewe ni ya ajabu kidogo. Wilaya iliunganishwa 1934 kutoka Harrow on the Hill, Wealdstone na vijiji vya Hendon kama Pinner na Stanmore, ikawa manispaa 1954, na London ilipopanuliwa 1965 wenzake wote walichanganywa wawili watatu. Harrow peke yake ikaingia na mipaka yake ile ile. Hadi leo mtu wa Pinner hakubali kuitwa wa Wealdstone.

Na kura! Wewe ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye ruhusa ya kukaa. Unapiga kura, na kama ruhusa yako ni ya kukaa bila kikomo, hata udiwani unaweza kugombea. Madiwani ni 55 (walikuwa 63 hadi 2022). Jiandikishe kabla ya zile siku 12 za kazi za mwisho kuelekea uchaguzi. Pasipoti yako ya Kenya inatosha kituoni.

Lile jiko lina mita ngapi kwenda nyuma? Kibali chake umekiona, au fundi alijenga kimya kimya? Alama ya maboresho ilikuwapo siku unanunua? Namba 14 na 18 wako daraja gani? Na sufuria, nimwambie nini huyu mama?

Wako,
Athumani