Jiwe lenu ninalo: barua kwa madereva wa korosho

Wajukuu zangu wa Fuso na semitrela,

Marahaba, hata kama hamkuamkia. Nimeshika usukani miaka thelathini na moja, tangu barabara hizi zikiwa vumbi tupu, kwa hiyo nivumilieni.

Juzi alfajiri, nikitoka msikitini hapa Mingoyo, nilimkuta kijana wa bodaboda kaketi kando ya lami, kaushika mguu, mihogo ya watu imetapakaa. Katikati ya njia, jiwe. Lina alama nyeusi ya tairi ubavuni. Mmoja wenu aliharibikiwa usiku, utingo akaliweka liwe kigingi cha kuzuia tairi, mkatandaza matawi ya mkorosho, mkafunga spea, mkaondoka. Jiwe mkaliacha! Kuliweka mlikuwa na nguvu, kuliondoa mikono ikalegea? Na ile pembetatu ya kuakisi mwanga? Iko nyuma ya kiti, ndani ya nailoni yake, inamsubiri trafiki. Matawi mlijifunza kwetu, sikatai. Lakini zama zetu utingo alikuwa wa mwisho kupanda, na hapandi mpaka njia iwe nyeupe.

Mengine mnayajua: tairi kipara, kuteremka Newala na nyutro ili kubana mafuta, kumpiga mwenzako fulu machoni. Acheni.

Mvua za kwanza nazo hizo, zinawakuta na mizigo ya korosho mgongoni. Lami iliyokaa miezi bila maji imebeba vumbi na oili. Manyunyu ya dakika kumi yanateleza kuliko mvua ya kutwa. Maji yakipita juu ya daraja, simameni, wanangu. Mei 2024, kilipopita kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika Somanga. Mwenye haraka na asiye nayo wakakwama pamoja.

Siwalaumu peke yenu. Tajiri anapiga simu kila nusu saa, "umefika wapi?", abiria wanamsifu dereva anayekimbiza, na sisi wa pembeni tunaanika mpunga mpaka juu ya lami halafu tunashangaa.

Yule kijana mguu umefungwa hogo, yaani plasta ngumu ya hospitali, ana mke na mtoto wa miezi minne, na pikipiki yenyewe ni ya mkataba. Jiwe nimelivingirisha hadi kwangu, liko chini ya mwembe. Mwenyewe aje alichukue, apitie kwanza kwa mgonjwa.