Wanaotoa skuta za umeme kwa wenye ulemavu watoe na maelezo ya betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi mafundi wa betri na vifaa vidogo vya umeme hapa Dodoma tunakutana nalo mara kwa mara, nalo ni kufa mapema kwa betri za skuta za umeme zinazotumiwa na watu wenye ulemavu na wazee wasioweza kutembea mwendo mrefu. Nazungumzia vile vyombo vyenye kiti kimoja, usukani mbele, na magurudumu matatu au manne. Baadhi vimenunuliwa na ndugu walio nje ya nchi, vingine vimeingia vikiwa vimeshatumika huko vilikotoka, na vingine vimetolewa kama msaada kwa hotuba na picha. Vinapofika kwenye meza yangu, mota huwa nzima na matairi yana kashata ya kutosha, lakini betri hazina kitu. Mwenye chombo huwa ameshaambiwa na jirani kwamba aliuziwa betri feki. Feki zipo, sikatai. Hata hivyo, nyingi ninazozifungua zilikuwa betri nzuri zilizouawa na namna zilivyochajiwa, na aliyekabidhiwa chombo hakuwahi kuelezwa lolote.

Nianze na chaja, kwa sababu hapo ndipo hasara huanzia. Umeme tunaoupata kutoka TANESCO ni wa volti 230. Umeme wa majumbani nchini Japani ni volti 100, na wa Marekani ni volti 120. Skuta iliyotumika Japani huja na chaja yake, mara nyingine ikiwa imejengwa ndani ya mwili wa skuta yenyewe, na plagi yake ni ya vipini viwili bapa isiyoingia kwenye soketi zetu. Mtu huenda dukani akanunua adapta ya plagi, akachomeka, na kazi ikaishia hapo. Mwezi uliopita kijana mmoja wa Nkuhungu aliniletea chaja ya bibi yake juu ya bodaboda, imefungwa kwenye khanga. Nilipofungua kasha, kapasita kubwa ilikuwa imepasuka kichwani, fyuzi ya kioo imekuwa nyeusi, na ubao umeungua kuzunguka miguu ya vipuri. Aliyemuuzia bibi ile skuta alimwambia kuwa kinachotakiwa ni kubadilisha plagi tu. Adapta hubadilisha umbo la plagi. Volti inaziacha zilivyo.

Kwa hiyo kabla ya kuchomeka chaja yoyote kwa mara ya kwanza, geuza usome kibandiko chake, mstari unaoeleza umeme unaoingia. Ukikuta 100 hadi 240, chaja hiyo inafaa kwetu na inachohitaji ni plagi tu. Ukikuta 100 peke yake, au 110, au 120, usiichomeke. Tafuta transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaolingana na chaja, au ununue chaja ya volti 230, ambayo kwa maoni yangu ndiyo njia nafuu kwa muda mrefu. Chaja nyingine zina kiswichi kidogo pembeni cha kuchagua kati ya 115 na 230, na kiswichi hicho huachwa pale kilipokuwa kiwandani kwa kuwa hakuna anayekiona.

Mstari wa pili wa kibandiko, ule wa umeme unaotoka, una uzito uleule. Skuta nyingi hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo zikawa volti 24. Chaja halisi ya betri za risasi na asidi zilizofungwa huzipandisha hadi karibu volti 29, kisha zikijaa hushuka yenyewe na kubaki kwenye volti 27 na kidogo, ili zisichemke. Chaja nzito ya gereji haina adabu hiyo, maana huendelea kusukuma umeme hadi mtu aizime. Betri ya gari ya zamani ilivumilia kwa sababu ilifunguliwa vifuniko ikaongezwa maji. Betri ya skuta imefungwa moja kwa moja na haina mahali pa kuongezea maji, hivyo ikichemshwa hukauka, ikavimba mbavu, na hapo hata kuitoa kwenye kisanduku chake huwa kazi. Sasa kwa kuwa pikipiki za umeme zimeingia mitaani, lipo na jaribu la kuazima chaja ya jirani. Pikipiki hizo huwa za volti 48, 60 au 72, na wakati mwingine ncha ya chaja huingia vizuri kabisa kwenye tundu la skuta. Kuingia kwa ncha si ruhusa ya kuchaji.

Zipo pia skuta mpya zenye betri za lithiamu, nyepesi zaidi na zinazochajika haraka. Hizo zina chaja yake, na chaja ya risasi isitumike kwenye lithiamu wala ya lithiamu kwenye risasi, hata kama zote zimeandikwa volti 24. Anayebadilisha skuta yake kutoka risasi kwenda lithiamu abadilishe na chaja siku hiyohiyo.

Baada ya chaja kuna suala la wakati wa kuchaji, na hapa nakutana na imani iliyoenea sana kwamba betri lazima iachwe iishe kabisa ndipo ichajiwe. Kwa betri ya risasi ushauri huo ni sumu. Inapokaa bila chaji, sahani zake za ndani hufunikwa na chumvi ngumu ya risasi ambayo baada ya muda haiyeyuki tena hata ukichaji wiki nzima, na kila siku ya kukaa tupu hupunguza umbali ambao skuta itakwenda. Utaratibu sahihi ni kuchaji kila siku ambayo skuta imetumika, hata kama umekwenda sokoni Majengo na kurudi tu, na kuiacha hadi taa ya chaja ibadilike rangi kuonyesha imejaa, jambo ambalo kwa betri za risasi zilizoshuka sana huchukua kati ya saa 8 na 12. Kuichomoa baada ya saa mbili kila siku kwa kuogopa luku ni kuiua taratibu. Tena luku yenyewe hailiwi sana: betri mbili za amperesaa 35 kwenye volti 24 hubeba wati-saa 840, kwa hiyo kuzijaza kutoka tupu, ukijumlisha na kinachopotea njiani kama joto, ni yuniti moja na kitu. Gharama ya betri mpya mbili ni yuniti za miezi mingi sana.

Umeme ukikatika usiku, amka asubuhi ukiangalia taa ya chaja kabla ya kuchomoa, maana wengi huchomoa wakidhani imechaji usiku kucha kumbe ilichaji hadi saa nne usiku tu. Baadhi ya chaja zikiachwa zimeungwa kwenye skuta wakati ukutani hakuna umeme hunyonya betri kidogokidogo. Na kwa kuwa umeme ukirudi huweza kurudi na mruko, kile kifaa cha kulindia friji, ambacho husubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite, kinafaa pia kwa chaja.

Hali ya hewa yetu nayo ina neno lake. Betri ya risasi hupenda joto la karibu nyuzi 25, na kanuni inayofahamika kwa mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hukata maisha yake karibu nusu. Wanaoishi chini ya bati bila dari wanajua Oktoba na Novemba za Dodoma zilivyo. Skuta isiegeshwe juani mchana kutwa, na ikitoka juani iachwe kwanza ipoe ndipo ichajiwe. Vumbi la kiangazi huingia hadi kwenye nguzo za betri, zile ncha zinazofungwa waya. Lifutwe kwa kitambaa kikavu, nguzo zikazwe, na ule ukungu mweupe au wa kijani uondolewe kwa brashi na mtu aliyevaa glavu, kwani ni mabaki ya asidi. Anayesafiri kwenda kulima Kondoa au Mpwapwa kwa msimu mzima aiache betri ya risasi ikiwa imejaa, ufunguo umezimwa, na aache mtu wa kuichaji angalau mara moja kwa mwezi. Ya lithiamu ni kinyume kidogo: ikikaa muda mrefu hupendelea kuachwa karibu nusu.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi wenzangu. Kuna tabia ya kumuuzia mteja betri moja pale ambapo zote mbili zimechoka, ati kumpunguzia gharama. Betri mbili zilizounganishwa mfululizo hupitisha umeme uleule. Ile ya zamani huishiwa mapema na kujaa mapema, chaja haiwezi kuzitofautisha, na mpya huishia kufanya kazi isiyo yake hadi nayo ikachoka. Betri zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, za aina moja na uwezo mmoja. Mteja naye ana haki ya kuona kipimo. Chaji usiku kucha, chomoa, acha skuta ipumzike saa kadhaa, kisha fundi aweke mita ya kupimia volti kwenye kila betri peke yake. Nzima itasoma volti 12.8 hivi au zaidi. Inayosoma 10 na nusu ina chumba cha ndani kilichokufa na haina tiba. Inayosoma vizuri ikiwa imetulia lakini ikaporomoka mara tu mtu anapopanda na kuondoka nayo imekwisha, na ndiyo maana fundi makini haridhiki na kipimo cha bila mzigo peke yake. Betri ya gari isiwekwe mahali pake, kwa kuwa imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, haikutengenezwa kushuka polepole kwa saa nzima. Betri za sola zilizofungwa ziko karibu zaidi na zinazotakiwa, mradi ukubwa wake unaingia kwenye kisanduku.

Kuhusu moto naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu mwenye skuta ndiye asiyeweza kukimbia. Katika chumba kimoja skuta huwekwa mlangoni kwa kuwa ndipo penye nafasi, na soketi nayo iko hapo. Kikitokea cha kutokea, njia ya kutoka imezibwa na kinachoungua. Heri kusogeza kitanda kuliko kuacha mlango uzibwe. Betri ya risasi inapochajiwa huweza kutoa hewa ya haidrojeni inayowaka, hivyo dirisha liwe wazi, na jiko la mkaa, mshumaa na chetezo viwe mbali. Kwa betri ya risasi yenye chaja yake halisi siogopi kuchaji usiku. Kwa ya lithiamu nashauri ichajiwe mchana au jioni mtu akiwa macho, na muda wake mfupi unaruhusu. Lithiamu iliyovimba, iliyoanguka kwa kishindo au iliyoingia maji isichajiwe tena. Ikianza kufuka, kuzomea au kutoa harufu kali, mtoe mtu kwanza, kisha piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, skuta iacheni. Ekstensheni isipite chini ya mkeka wala godoro, na fyuzi iliyoungua isizibwe kwa kipande cha waya. Anayefungua betri avue pete na bangili, kwani spana au bangili ikigusa nguzo mbili kwa wakati mmoja huwa nyekundu kabla hujaivuta.

Ombi langu ni kwa wanaotoa na wanaouza. Betri za risasi huisha hata zikitunzwa vizuri, kwa kawaida ndani ya miaka michache, na hilo lijulikane siku ya kukabidhi. Anayetoa msaada wa skuta aweke katika bajeti yake jozi ya pili ya betri, na chaja ya volti 230 iliyojaribiwa hapahapa kwenye soketi mbele ya anayeipokea. Halmashauri, ambazo kati ya asilimia 10 ya mapato ya ndani zinazotenga kwa mikopo hutoa asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu, zingeweza kuwashauri wanakikundi wanaotumia skuta kwenye biashara zao wanunue mita moja kwa pamoja na kumfundisha mmoja wao kuisoma. Kazi hiyo haichukui hata nusu siku. Na chini ya kiti cha kila skuta kibandikwe karatasi ya Kiswahili yenye mambo haya tu: aina ya betri, volti za chaja, tarehe betri zilipofungwa, na agizo la kuchaji kila siku baada ya kutumia. Wenye skuta ambao hawakupata karatasi hiyo wampelekee skuta na chaja yake fundi yeyote mwenye mita, awasomee kibandiko cha chaja na kuyaandika hayo kwa kalamu.

Ndimi msomaji wako,
Fundi wa betri, Chang'ombe, Dodoma