Kontrabasi yangu haikuvunjikia angani

Bwana Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mama wa watoto wanne, na kila Jumapili napiga kontrabasi, ile fidla kubwa kupita mtu inayopigwa imesimamishwa na kutoa sauti nzito ya bezi, katika kwaya ya parokia yetu hapa Kamalondo, Lubumbashi. Wiki iliyopita kijana wa kwaya jirani alinifuata baada ya misa. Kwaya yao imealikwa Kinshasa na yeye ndiye mwenye kontrabasi. Akaniuliza, "Mama, hii kintu inapandaka ndege namna gani?" Tulisimama uani karibu saa nzima. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba wako wengine wenye swali hilo hilo mjini humu na hawana wa kumuuliza, kama mimi nilivyokosa wa kumuuliza mwaka 2023. Ndiyo sababu nakuomba nafasi katika gazeti lako.

Kontrabasi yangu ilikuwa ya baba. Aliinunua mwaka 1974 kwa mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao, miezi michache baada ya Rais Mobutu kutangaza, Novemba 1973, kwamba biashara na mashamba ya wageni yanapewa raia. Wakati ule wageni wengi waliuza vitu vya nyumbani kwa haraka. Baba alikwenda kuangalia kabati ya nguo, akarudi na kontrabasi, na mama hakumsemesha siku mbili. Alikuwa mtu wa enzi za zamani, kabla gitaa la bezi halijaenea, bendi za rumba zilipokuwa zikisimama juu ya sauti ya kontrabasi. Alitaka kuwa na yake kabla hajafa.

Alisafiri nayo kwa treni hadi Likasi, Kolwezi, hata Kamina. Aliifunika blanketi, akaizungushia vitenge viwili vya mama, akaketi nayo usiku kucha, mkono mmoja begani mwake kama mtu anayesafiri na mgonjwa. Treni ikiruka, mkono wake ulikuwa pale. Mtu akitaka kuegemeza gunia la mahindi, baba alikuwa pale. Miaka yote ile ilipata mikwaruzo, basi.

Kinshasa iko mbali na sisi zaidi ya kilometa 1,500 hata ukinyoosha mstari kwenye ramani, na hakuna kwaya itakayopita barabarani. Agosti 2023 tulipanda ndege. Niliiweka kontrabasi katika mfuko wake wa kitambaa, nikaizungushia makatoni ya friji, nikafunga kamba, nikabandika karatasi za "fragile" sehemu sita. Pale Luano, uwanja wetu wa ndege, kijana wa kupokea mizigo, mwenye adabu kabisa, aliniambia, "Mama, usiogope, tutaiweka yulu ya mizigo yote." Nilimshukuru. Tulipofika, nikaipokea ikiwa bado imefungwa, makatoni yamekunjika upande mmoja tu, nikaondoka nayo. Kesho yake asubuhi nilipoifungua, shingo ilikuwa imekatika pale inapoingia tumboni. Nyuzi zilikuwa zimelala kama kamba za kuanikia nguo. Nilikaa chini sakafuni. Onyesho lilikuwa jioni ile, na kwaya iliimba bila bezi.

Sikuandika barua hii ili kuwashitaki wenye ndege ile. Ninachotaka wasomaji waelewe ni jinsi chombo hiki kinavyovunjika, maana mtu asiyejua hilo atakilinda mahali pasipo na hatari.

Watu wengi huogopa anga: baridi, mtikisiko, ukosefu wa hewa. Lakini chumba cha mizigo cha ndege ya abiria kina shinikizo la hewa sawa na kule wanakokaa abiria. Baridi ipo na hewa ni kavu, lakini hatari kubwa iko chini, kwenye lami, kati ya mzani na mlango wa ndege. Katika Boeing 737 mlango wa mizigo haufiki mita 1 kwa kimo. Mfanyakazi aliye ndani hupiga magoti, anapokea mzigo mmoja mmoja kwa mkono na kuupanga hadi darini. Mpe mtu huyo mfuko wenye urefu unaomzidi yeye mwenyewe, usio na pa kushika, na nyuma yake masanduku mia moja yanangoja. Hata akiwa na moyo wa dhahabu ataukokota, na akiusimamisha, kichwa cha kontrabasi ndicho kitakachokuwa chini.

Na kichwa ndicho hakitakiwi kuguswa. Nyuzi 4 za kontrabasi zikikazwa zinavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100, na mvuto huo wote unabebwa na shingo. Ukigonga kichwa kidogo tu, shingo inapata pigo juu ya mzigo ilio nao tayari. Inakatika kwenye kisigino chake. Ukigonga kwa mbele, kile kidaraja cha mbao kinachoinua nyuzi, ambacho sisi tunakiita shevale, kinasukumwa tumboni na kupasua ubao. Ndani kuna kijiti kimesimama kati ya tumbo na mgongo, hakikugundishwa popote, kinashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi tu. Kinaitwa roho. Ukilegeza nyuzi zote kabisa, roho inaweza kuanguka, na hapa Lubumbashi mimi simjui mtu wa kuisimamisha tena kupitia lile tundu jembamba isipokuwa wawili, mmoja wao mzee ambaye macho yake yamechoka.

Nilirudi na vipande. Nikavipeleka kwa fundi wa vitanda na makabati kule Katuba. Aliigeuza ile shingo mkononi muda mrefu, akasema, "Mama, hii iliangukia kichwa." Kisha akasema, "Nitie visi tatu, haitatoka tena." Visi ni ile misumari ya kuzungusha, na hapo tulibishana. Nilimweleza kwamba chombo hiki hugundishwa kwa gundi ya ngozi, ile inayochemshwa kutoka kwa ngozi na mifupa ya wanyama, kwa sababu ikipata joto na unyevu inaachia. Fundi wa siku nyingine ataweza kuifungua bila kuvunja. Na mbao zikitanuka au kusinyaa, maungio hufunguka kwanza kabla ubao haujapasuka. Visi haiachii, itakayoachia ni mbao. Alinielewa, akaichemsha gundi juu ya mbabula, jiko letu la makaa, maji ya moto chini na kopo ndani yake, na kwa sababu ilikuwa asubuhi ya baridi tulipasha hata mbao zenyewe ili gundi isigande kabla hatujabana. Shingo imeshika mpaka leo.

Fundi yule yule ndiye aliyenitengenezea kasha, na hapa naomba nieleze taratibu, maana kijana wa kwaya jirani hili ndilo aliloandika kwenye daftari lake.

Ni kasha la plywood nyembamba lenye fremu ya mbao nje, urefu sentimita 195, upana 75, kina 60. Ndani tuliweka sponji ya godoro, ile ngumu, si ile laini inayobonyea chini ya kidole. Hatukujaza kila mahali. Kontrabasi inakaa juu ya mabega yake, kwenye mbavu za chini, na shingo imeshikwa karibu na kisigino. Kichwa kinaelea: pande zake zote kuna nafasi ya vidole vinne, hakigusi sponji wala ubao. Nimewaona watu wanaofanya kinyume, wanakibana kichwa kwa matambara wakidhani wanakihurumia. Kasha likianguka, kichwa kinabaki na kasha huku mwili ukiendelea kwenda, na shingo inakuwa katikati yao.

Nyuzi nazilegeza, lakini siziachi zilale. Nazishusha kiasi cha sauti mbili hivi, zinabaki zimeshikilia shevale na roho pale pale. Naweka alama ndogo ya penseli kwenye miguu ya shevale ili ikisogea nijue ilikuwa wapi. Chini ya ncha ya ubao wa vidole na chini ya kile kipande kinachoshika mikia ya nyuzi natia kitambaa kilichokunjwa, visije vikapiga tumbo. Chuma cha mguuni nakichomoa kabisa. Upinde husafiri nami mkononi, nywele zake zimelegezwa.

Mfuniko wa kasha tuliuinamisha kama paa la nyumba, na wazo hilo lilikuwa la fundi. Alisema mfuniko ulio bapa unaita masanduku. Tukaweka vishikio vinne pale mikono ya mtu inapofika yenyewe, kwa kuwa mzigo wenye vishikio hubebwa na usio navyo hukokotwa. Hatukutumia misumari kufunga, tulitumia mikanda yenye kufuli za kubonyeza. Watu wa usalama wana haki ya kufungua, na kasha lililofungwa kwa misumari watalifungua kwa nyundo. Ndani ya mfuniko nilibandika picha ya kontrabasi ikiwa imelala sawasawa, na chini yake maneno kwa Kiswahili na Kifaransa: baada ya kukagua, irudisheni hivi. Tangu hapo sijaweka tena karatasi ya "fragile". Mahali pake nimebandika nje picha kubwa ya mwanamke anayepiga kontrabasi. Ni mimi, na nimeona wapakiaji wakisimama kuitazama kabla ya kuinua.

Mwaka jana ilikwenda Kinshasa na kurudi kama shehena. Yote kwa pamoja ilikuwa kilo 44. Ilifika nzima, ingawa ilitoka kwenye ukavu wetu wa Agosti, unaopasua hata midomo, ikaingia kwenye unyevu wa mto. Nilipiga onyesho zima.

Kuna jambo moja ambalo baba alinifundisha na ambalo lilinigharimu. Alisema chombo cha mbao kikitoka safari kiache kikiwa kimefungwa saa kadhaa, kizoee hewa mpya polepole. Ni kweli. Lakini mwaka 2023 nilitii neno hilo nikaondoka uwanjani bila kufungua, na niliporudi kesho yake kulalamika niliambiwa kwamba nilipokea mzigo bila kusema lolote, hivyo imekwisha. Siku hizi nafungua mbele yao, natazama shingo na tumbo, napiga picha kwa simu, nafunga tena, halafu ndipo naiacha ipumzike nyumbani. Anayesafiri nje ya nchi ajue kwamba Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unampa siku 7 tangu kupokea mzigo wa abiria kulalamika kwa maandishi ukiwa umeharibika, na kwamba fidia ina kikomo isipokuwa alitangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo, akalipa nyongeza kama ikitakiwa. Safari yangu ilikuwa ya ndani, mkataba huo haukunihusu. Kwa safari za ndani, soma masharti ya tiketi kabla hujalipa, na jibu lolote unalopewa kwa mdomo liombe kwa maandishi.

Sasa ombi langu, Bwana Mhariri, na hili nalielekeza kwa makampuni yote yanayotua Luano. Tuandikieni vipimo. Nilipokuwa natafuta tiketi mwaka jana niliuliza sehemu tatu, nikapata majibu matatu: moja wapo ilisema haiwezekani kabisa, nyingine ikasema nije tu siku ya safari tutaona. "Tutaona" si jibu la kumpa mtu mwenye chombo cha zaidi ya miaka 50. Marekani walipitisha sheria mwaka 2012, na kanuni yake ikaanza kutumika 2015: chombo cha muziki ndani ya kasha lake, ukijumlisha urefu, upana na kina kisipozidi sentimita 381 na uzito usipozidi kilo 75, kampuni inatakiwa kukipokea kama mzigo, ikiwa ndege yenyewe inaweza kukibeba kwa usalama. Ada wanaweza kutoza. Nimejumlisha kasha langu: 195 na 75 na 60 ni 330. Kule lingepokelewa bila mabishano. Sisemi tuige kila kitu cha huko, nasema namba mbili zilizoandikwa ukutani zingetosha kunipa usingizi kabla ya safari.

Na mruhusuni mwenye chombo kusindikiza kasha lake mpaka pale linapokabidhiwa wapakiaji, aongee nao. Wenye selo, ndugu mdogo wa kontrabasi, wanaweza kununua kiti cha pili, wakaifunga mkanda dirishani na kukaa nayo. Kontrabasi haina kiti kinachoitosha. Baba alikuwa na treni na mkono wake. Mimi naomba dakika tano na vijana wanaobeba.

Kasha liko nyumbani kwangu, wazi, hakuna siri ndani yake. Kwaya yoyote inayotaka kuja na futi ya kupimia na fundi wake, ije kabla ya Agosti, maana Agosti litakuwa safarini tena. Mhariri anajua pa kunipata.

Mpiga kontrabasi wa kwaya,
Kamalondo, Lubumbashi