Kabla hujakubali kisu

Tabata, Dar es Salaam

Mpendwa Mama Upendo,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hatujambo sote, mvua tu ndiyo imetuzidi. Poleni na baridi ya huko Makambako.

Ujumbe wako nimeusikiliza, nikaurudia. Umesema hospitali uliyokwenda walikupapasa shingo, wakakuambia ni rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, wakakupangia upasuaji na kukutaka utangulize nusu ya malipo. Nilipokuuliza damu ilionyesha nini, ukanijibu hawakutoa damu. Mwenzangu, usingizi ulikata. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu simu ilikuwa inakatika, na nataka uwe na kitu cha kusoma taratibu, umsomee na Baba Upendo.

Ninachokuomba ni kimoja: asikukate mtu kabla hujajua TSH yako.

Hiyo TSH ni kipimo cha damu cha kawaida, kinatolewa mkononi kama damu nyingine yoyote. Tezi ya shingo ni ndogo, gramu 15 hadi 20 hivi kwa mtu mzima, lakini homoni yake inagusa moyo, joto la mwili, uzito, hedhi, hata choo. TSH yenyewe haitoki shingoni, inatoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, nayo ndiyo inayoiamuru tezi ya shingo ifanye kazi. Homoni ya shingoni ikipungua, ubongo unaongeza amri, TSH inapanda. Homoni ikizidi, amri inapunguzwa, TSH inashuka. Kwa hiyo ukiona TSH iko chini sana usifurahi ukadhani tezi imelala. Mara nyingi maana yake ni kwamba tezi inafanya kazi kupita kiasi. Maabara nyingi huandika kiwango cha kawaida kuwa karibu 0.4 hadi 4.0, ila soma kile kilichochapwa kwenye karatasi yako, maana mashine zinatofautiana kidogo.

Sasa nikiunganisha uliyoniambia: moyo unakwenda mbio hata ukiwa umelala, mikono inatetemeka ukimimina chai, sketi ya sare ya kwaya imelegea kiunoni wakati unakula vizuri, na unafungua dirisha usiku wenzako wamejifunika mablanketi mawili. Mimi si daktari, lakini dalili hizo zote zinaelekea upande wa homoni kuzidi. Na mtu ambaye homoni imezidi hapelekwi chumba cha upasuaji hivihivi. Akikatwa kabla damu haijatulizwa kwa dawa, homoni inaweza kufumuka mwilini kwa ghafla, mapigo na homa vikapanda vibaya, na hiyo inaua. Wapasuaji wazuri wanalijua hili, ndiyo maana wanamwanzishia mgonjwa dawa kwanza na kusubiri wiki kadhaa mpaka vipimo vikae sawa. Wengine damu ikishatulia hawahitaji kisu kabisa. Ndiyo maana nimekasirika na hao waliotaka nusu ya malipo kabla ya mirija miwili ya damu.

Umeniuliza nilivyopima mimi ilikuwaje. Nilikwenda hospitali binafsi hapa mjini kwa sababu kinundu changu kilikuwa kinaonekana nikimeza mate mbele ya kioo, na sikutaka kusubiri. Mapokezi walinitajia pakeji ya kupima mwili mzima, na vipimo vya saratani ya kila kiungo ndani yake. Nilikataa. Nikamwambia dada wa dirishani nataka kumwona daktari, anipapase, kisha aandike kinachohitajika. Nawe fanya hivyohivyo, na uulize bei ya kila kipimo peke yake kabla hujalipa. Nilikuta maabara mbili za barabara moja, moja inatoza karibu mara mbili ya nyingine kwa TSH ileile.

Kwa damu, daktari anaanza na TSH. Ikiwa haiko sawa ndipo anaongeza FT4, na ikiwa imeshuka anaongeza na FT3; hivyo viwili vinapima homoni zenyewe za tezi. Kama wewe homoni imezidi kweli, muulize kuhusu kipimo cha kingamwili kinachoitwa TRAb. Hicho kinasaidia kujua kama kinga ya mwili wako ndiyo inayoichokoza tezi nzima, ugonjwa wanaouita Graves, au ni kinundu kimoja kimejitwalia madaraka ya kutoa homoni. Tiba zake hazifanani. Huna haja ya kufunga usiku kucha. Lakini sikiliza hili: vile vidonge vya nywele na kucha ulivyoletewa na wifi yako, kama vina bayotini, viache walau siku mbili kabla ya kutoa damu, na umwambie daktari ulikuwa unavimeza. Kwenye baadhi ya mashine bayotini nyingi inapotosha majibu, TSH ikasomeka chini na FT4 juu, na mtu mwenye afya njema akaonekana ana homoni zilizozidi.

Ultrasaundi haiumi. Unalala chali, wanakuwekea mto chini ya mabega ili shingo ijinyooshe na kidevu kiangalie dari. Jeli ni ya baridi. Yule daktari wa picha alipitisha kile kifaa taratibu upande wa kulia, kushoto, kisha katikati, akaniambia nimeze mate, nikaona kwenye skrini kila kitu kinapanda na kushuka. Tezi yenyewe ni ya kijivu laini, mshipa mkubwa wa damu pembeni ni duara jeusi linalodunda. Kinundu changu kilikuwa kama kiazi kidogo ndani ya ile kijivu, na akakipima kwa kuweka alama za msalaba pande zote: sentimita 1.8. Kisha akatafuta kwenye matezi ya limfu ya pembeni ya shingo, jambo ambalo naomba ulisisitize, maana wengine wanapiga picha ya tezi tu na kukuambia uinuke.

Kwenye ripoti angalia kama wameandika TI-RADS. Ni daraja la 1 hadi la 5, likipanda na wasiwasi wa saratani unapanda, na mfumo unaotumika sana ulitolewa na wataalamu wa radiolojia wa Marekani mwaka 2017. Wanaangalia kama kinundu ni cha maji au kigumu, kingo zake, umbo lake, na kama kina chembe nyeupe ndani. Changu kilipewa 3. Kwa daraja hilo hawachomi sindano ya kuchukua sampuli mpaka kifike sentimita 2.5, kwa hiyo nimeambiwa nirudie picha baada ya mwaka. Daraja la 4 sindano huanzia sentimita 1.5, na la 5 sentimita 1. Ripoti ikija imeandikwa tu "rovu lenye vinundu vingi" bila vipimo wala daraja, rudi umwombe aandike vizuri. Umelipia.

Ila nisikuchanganye. Picha haijui habari za homoni, na damu haijui kinundu kina sura gani. Mimi nilikuwa na kinundu na TSH yangu ilikuwa sawa kabisa. Jirani yangu hapa Tabata shingo yake imenyooka, hana uvimbe wowote, na homoni zake zilikuwa zimeporomoka mpaka akawa anasinzia dukani. Ndiyo maana wewe, mwenye uvimbe na dalili kwa pamoja, unahitaji vyote viwili, damu ikitangulia.

Wakikuambia una kinundu, usianze kugawa nguo zako. Vingi sana, zaidi ya tisa katika kila kumi, si saratani.

Kuhusu Upendo na dada zako, kama nao waje wapigwe picha: hapana, kama hawana dalili na shingo haina kitu ukiipapasa. Ninayo sababu. Korea Kusini walianza mpango wa kitaifa wa kupima saratani mwaka 1999, na hospitali zikawa zinaongeza ultrasaundi ya shingo kwa ada ndogo kwa watu wasioumwa chochote. Kufikia 2011 saratani za tezi zilizogunduliwa zilikuwa mara 15 ya zile za 1993. Waliokufa nazo hawakupungua. Maelfu waliondolewa tezi kwa ajili ya vijisaratani ambavyo visingewadhuru, wakabaki kumeza vidonge maisha yao yote, na wapo walioharibiwa sauti. Magonjwa ya tezi yanayotokana na kinga ya mwili hutembea katika ukoo, hilo ni kweli, kwa hiyo Upendo akianza kuwa na mapigo ya haraka au uchovu usioeleweka, apimwe TSH. Inatosha.

Mama mkwe wako kasema ule chumvi nyingi. Najua anakotoa. Unamkumbuka bibi yangu wa Ludewa, na lile rovu lake lililomshukia kifuani, na chale alizochanjwa juu yake akiwa msichana. Nyanda zetu za Juu Kusini udongo umekosa madini joto, yaani ayodini, mvua za miaka yote zimeyasomba, na kizazi chao kililipia. Miaka ya 1980 tulipokuwa wadogo ndipo vilipoanza kugawiwa vile vidonge vya mafuta yenye madini joto, na miaka ya 1990 serikali ikaagiza chumvi yote itiwe madini hayo. Watoto wetu hawajaona marovu kama yale tuliyoyaona sisi sokoni. Kwa hiyo chumvi yenye madini joto endelea nayo kama kawaida, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, itie mboga zikikaribia kuiva. Lakini usiongeze, na usinunue matone ya ayodini wala unga wa mwani wa wale wauza virutubisho. Tezi ambayo tayari imechangamka kupita kiasi ukiiongezea madini joto unaweza kuichochea zaidi.

Kama damu itathibitisha homoni imezidi, pengine utaandikiwa kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni ya tezi. Naomba uishike hii hata ukisahau mengine yote: ukiwa unaimeza, ukapata homa au koo kuuma au vidonda mdomoni, acha dawa na nenda siku hiyohiyo ukapimwe chembe nyeupe za damu. Ni mara chache, lakini dawa hiyo inaweza kuzishusha hadi mwili ukakosa kinga. Huku kwetu homa ikija tunasema ni malaria, tunapitia duka la dawa, tunalala. Safari hii usifanye hivyo. Kwa ajili ya mapigo ya moyo wanaweza kukupa propranololi. Waambie mapema kwamba ulikuwa na pumu utotoni, maana dawa hiyo haimfai mwenye pumu. Na kama hedhi imechelewa, pima mimba kabla ya dawa yoyote na uwaambie, kwa sababu miezi ya mwanzo hutumia dawa nyingine, na tiba ya ayodini yenye mionzi, ile inayotolewa kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road huku Dar, hapewi mjamzito kabisa.

Upasuaji wenyewe sijasema ni mbaya. Kama rovu linabana koo, ukimeza ugali unakwama, ukilala chali unakosa pumzi, au sampuli ikileta wasiwasi, basi kisu kina kazi yake. Lakini kwako wewe kuna jambo la sauti. Nyuma ya tezi, kila upande, unapita mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti, na kando yake kuna vijitezi, kwa kawaida vinne kwa jumla, vinavyotunza kalsiamu ya damu. Mwulize mpasuaji anafanya upasuaji wa tezi mara ngapi kwa mwaka. Mwambie wewe ni mwimbaji wa sauti ya kwanza na unaomba nyuzi zako zikaguliwe kabla na baada. Mtu anayejibu maswali hayo kwa utulivu, huyo unaweza kumkabidhi shingo yako. Anayekasirika, chukua faili lako uondoke.

Kwa hiyo hela ya kutanguliza usiilipe kwanza. Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ni karibu kuliko huku, na kama umeshapata majibu ya TSH na ultrasaundi yenye maelezo kamili, utaingia kwa daktari bingwa na karatasi mkononi badala ya kuanza upya. Omba nakala ya kila kitu, na picha zenyewe, si ripoti tu. Ukiona afadhali uje huku, njoo. Chumba cha watoto kina kitanda kitupu tangu Baraka aende bweni, na mimi Jumatatu na Alhamisi naingia kazini mchana, nitakupeleka mwenyewe Muhimbili.

Moyo ukizidi kwenda mbio, ukaanza kukosa pumzi, au homa ikapanda na kichwa kikavurugika, usisubiri majibu ya mtu. Baba Upendo akupeleke hospitali usiku huohuo.

Hela ya vipimo vya damu nimekutumia leo asubuhi kwa simu, usinirudishie. TSH ikitoka, ipige picha unitumie hata kama ni saa nane ya usiku.

Msalimie Baba Upendo, mama mkwe, na wanakwaya wote wa mtaani.

Akupendaye,
Tumaini