Shukrani kwa Shosho wa Vizibo

Sisi wazazi wa watoto wa chekechea huku Kayole, Nairobi, tunakushukuru kwa dhati, shosho (bibi) ambaye hukutaka jina lako liandikwe popote. Mvua ya masika ilipoharibu vifaa vya darasa la PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, ulikuja na kikapu cha vizibo vya soda vilivyooshwa na kulainishwa kingo, ukaketi mkekani pamoja na watoto wa miaka 4, ukawaacha wavipange kwa rangi, wavihesabu na kugawana, bila kumharakisha yeyote. Mwanangu, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akikariri nambari kama wimbo tu, ulipomwomba vizibo vitano alikupa vitatu, akakitazama kiganja chako, kisha akasema, "Bado viwili, shosho." Hapo ndipo nilipoelewa, na nadhani wazazi wengi hatulijui jambo hili, kwamba kuhesabu huanzia vidoleni kabla ya kufika daftarini. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, elimu ya awali ni jukumu la kaunti, lakini mkeka ule uliutandika wewe. Kikapu bado kipo karibu na dirisha, na kila Jumatano watoto huuliza utarudi lini. Karibu tena, shosho.