Maoni ya residenti yasipite kwa anayewasainia

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya kuongezeka kwa madaktari bingwa ilihesabu vichwa tu: wangapi wamehitimu, wangapi wako masomoni. Hakuna aliyeuliza wanafundishwaje, na wenye jibu ni residenti wenyewe, yaani madaktari wanaosomea ubingwa. Nimelinyamazia jambo hili miaka mingi.

Maoni yao hukusanywa, sikatai. Mwisho wa muhula hugawiwa karatasi: umeridhika sana, kiasi, au hukuridhika? Katika idara yenye residenti wanne wa mwaka wa pili karatasi hiyo haina siri, kwa sababu mwandiko wa kila mmoja unajulikana tangu kwenye mafaili ya wagonjwa. Kisha zinarudishwa kwa katibu muhtasi wa mkuu wa idara, na mkuu huyohuyo ndiye anayesaini kitabu cha kumbukumbu za upasuaji, ndiye msimamizi wa tasnifu, na ndiye atakayekaa mbele ya residenti siku ya mtihani wa mdomo. Katika idara moja, residenti aliandika kwamba bingwa wa zamu hapokei simu usiku. Wiki iliyofuata aliitwa ofisini aeleze anamsema nani. Tangu hapo wote wanatia tiki kwenye "sana", na chuo kinaripoti kwamba mafunzo ni mazuri!

Swali lenyewe pia ni bovu. Aliyechoshwa na zamu anaweza kusema hakuridhika ilhali anafundishwa vizuri. Mwingine anaridhika kwa sababu ameachiwa kisu mapema, bila wa kumrekebisha. Ulizeni vinavyohesabika. Mwezi uliopita bingwa alipita raundi ya wodi pamoja nawe mara ngapi? Ulipompigia usiku alifika, alielekeza kwa simu, au hakupokea? Katika upasuaji wa dharura uliofanya, ni mara ngapi bingwa alikuwa amenawa na yupo mezani? Kipindi cha mafunzo cha kila wiki kilifanyika mara ngapi kati ya nne? Rasimu ya tasnifu ilikaa kwa msimamizi siku ngapi?

Na hicho kitabu cha kumbukumbu nacho kitazamwe. Kina ngazi zake: kutazama, kusaidia, kufanya chini ya usimamizi, kufanya peke yako. Kinatakiwa kusainiwa siku ileile, mgonjwa angali kwenye kumbukumbu ya wote wawili. Badala yake kurasa 40 husainiwa jioni moja, mtihani ukikaribia, na bingwa hawezi tena kukumbuka nani alishika kisu na nani alishika ndoano ya kupanua jeraha tu. "Alisaidia" inageuka "alifanya". Mtu huyo anapangiwa hospitali ya mkoa, yuko peke yake usiku na utumbo uliotoboka, na anayelipia saini zile ni mgonjwa. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao Arusha, tayari kinatumia kitabu cha kielektroniki. Kwa nini idara nyingine bado zinazunguka na daftari?

Uingereza, residenti wote nchini huulizwa kila mwaka. Anayeuliza ni baraza la madaktari, si idara. Kundi lenye majibu chini ya matatu matokeo yake hayaonyeshwi. Mengine hutangazwa kituo kwa kituo, na baraza linaweza kukiondolea kituo kibali cha kufundisha. Wakufunzi nao huulizwa.

Kwetu idara ni ndogo, kwa hiyo majibu ya miaka mitatu yaunganishwe ndipo yatolewe, na yasitolewe kabla hayajafika matano. Yakusanywe na Baraza la Madaktari Tanganyika kwa simu, mara moja katikati ya mwaka na mara moja baada ya matokeo ya mtihani kutangazwa, hofu ya saini ikiwa imeisha. Idara iliyoonekana mbovu ijibu kwa maandishi ndani ya siku 60, na jibu libandikwe ubaoni wodini, residenti walisome. Maswali yasizidi kumi, maana mtu aliyetoka zamu saa mbili asubuhi hana nguvu ya kujibu 60.

Mkufunzi wa madaktari,
Dodoma